Pikipiki ya mbio ina mahali pake

Kwa muda wa miaka mingi viwanda vya Japani na Italia vimekuwa vikishindana kuunda pikipiki za mbio ambazo mwananchi wa kawaida aweza kuzinunua dukani, akazitia nambari na kuondoka nazo kwenda kazini. Mashindano hayo sasa yamefika mahali pa ajabu. Baadhi ya pikipiki zilizokuwa kali kuliko zote zimeanza kuondoka barabarani. Nyingine zimeondolewa na sheria, nyingine zimeondolewa na wanunuzi wenyewe, na nafasi yao inachukuliwa na pikipiki za namna mpya ambazo nguvu zake ni zile zile lakini tabia zake ni tofauti kabisa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji wa Kenya, ambaye pikipiki anayoijua sana ni ile ya boda boda. Lakini kwa maoni yangu linatuhusu, kwa sababu lajibu swali ambalo nasi twajiuliza kila tunaposikia kwamba kijana fulani ameanguka na pikipiki na hakuamka tena: kasi imewekewa nani, na mahali pake ni wapi?

HADITHI YA R6

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1999 kampuni ya Yamaha ilitoa pikipiki iliyoitwa R6. Ilikuwa na injini ya silinda nne yenye cc 599, yaani ndogo kuliko injini ya motokaa yoyote ya kawaida tunayoiona mjini. Siri yake ilikuwa katika kuzunguka. Injini ya motokaa ya kawaida hutoa nguvu zake zote inapozunguka mara elfu sita hivi kwa dakika moja. R6 iliyotengenezwa mwaka 2017 ilihitaji kuzunguka mara 14,500 kwa dakika ndipo itoe nguvu zake zote, nguvu za farasi 118.

Nguvu hizo ni zaidi ya zile za motokaa nyingi ndogo za saluni zenye injini ya cc 1500. Tofauti ni kwamba saluni hiyo ina uzito wa zaidi ya tani moja, na R6, ikiwa na mafuta tayari kwa safari, ilikuwa na kilo 190 tu. Mtu mzima akiipanda, bado uzito wote haufiki kilo 300. Pikipiki nyingi za boda boda zina nguvu za farasi kumi na kidogo tu.

Katika mashindano ya dunia ya daraja la Supersport, R6 ilitamba. Kuanzia mwaka 2017 hadi mwaka 2022 bingwa wa daraja hilo alikuwa mtu aliyepanda R6, miaka sita mfululizo. Lakini katikati ya ushindi huo kuna jambo la kushangaza. Baada ya mwaka 2020 R6 haikuuzwa tena Ulaya kama pikipiki ya barabarani. Sheria ya moshi iitwayo Euro 5 ilikuwa imeanza kufanya kazi, na injini iliyoundwa kwa ajili ya kuzunguka kwa kasi namna ile haiwezi kusafishwa moshi wake bila gharama kubwa. Wanunuzi nao walikuwa wamepungua. Basi kampuni ikaamua kwamba anayetaka R6 ataipata bila taa na bila nambari, chombo cha uwanjani tu. Kwa hiyo mwaka 2021 na mwaka 2022 bingwa wa dunia alishinda akipanda pikipiki ambayo jirani yake asingeweza kuinunua mpya na kwenda nayo sokoni.

R6 haikuwa peke yake. Mwaka 2024 Yamaha ilitangaza kwamba hata kaka yake mkubwa, R1 ya cc 998, ingeuzwa kwa ajili ya viwanja tu katika nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2025. Kwa upande mwingine, haki ni kusema kwamba Honda na Kawasaki walirudisha pikipiki zao za cc 600 katika soko la Ulaya mwaka 2024 baada ya kuzirekebisha. Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Lakini umekuwa mwembamba.

Wenye mashindano nao waliona dalili. Tangu mwaka 2022 daraja la Supersport limefunguliwa kwa injini kubwa zaidi, nazo zimewekewa masharti ili zisizipite mno zile ndogo. Ducati wakautwaa ubingwa mwaka 2023 kwa mikono ya Nicolò Bulega, na mwaka 2024 kwa mikono ya Adrián Huertas. Ndipo, mwezi wa Oktoba 2024, Yamaha walipotoa jibu lao: R9.

PIKIPIKI MPYA

R9 ina injini ya silinda tatu yenye cc 890. Injini hiyo haikuundwa kwa ajili ya mbio. Ilitolewa katika pikipiki ya barabarani, MT-09, ambayo watu huipanda kwenda kazini na kutembelea wakwe. Hesabu zake zafaa kutazamwa kwa makini. Nguvu zake ni za farasi 119, yaani moja tu zaidi ya R6. Uzito wake, mafuta yakiwemo, ni kilo 195, yaani kilo tano tu zaidi. Mtu akisoma hapo tu atasema hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika ni mahali ambapo nguvu hizo hupatikana. R9 hutoa nguvu zake zote kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, si 14,500. Na ile nguvu ya kusukuma gurudumu, ambayo wahandisi huipima kwa nyutonimita, ni 93 kwa mizunguko 7,000. R6 ilikuwa na 61.7 tu, tena mpaka ifike mizunguko 10,500. Kwa maneno mengine, R6 ilikuwa kama mtu anayebeba gunia kwa kukimbia mbio sana. R9 ni kama mtu mwenye mgongo mpana anayelibeba kwa hatua za kawaida.

Majuzi nikiwa Uingereza nilipata kuazimwa R9 kwa siku mbili. Siku ya kwanza niliipeleka uwanjani, na siku ya pili nikaipeleka barabarani. Nilitaka kujua kama habari za karatasini zina ukweli wowote mtu anapokuwa amekaa juu ya kiti.

UWANJANI

Uwanja wenyewe ni Donington Park, karibu na mji wa Derby. Ni uwanja wa kale. Mbio za pikipiki zilianza hapo mwaka 1931. Vita vya mwaka 1939 vilipozuka, jeshi liliuchukua na kuufanya mahali pa kuwekea magari yake, na haukufunguliwa tena kwa mbio hadi mwaka 1977. Kuanzia mwaka 1987 hadi mwaka 2009 ndipo mashindano makubwa ya pikipiki ya Uingereza yalipokuwa yakifanyika. Njia fupi ya uwanja huo ina urefu wa kilomita 3.1.

Siku nyingi ambazo hakuna mashindano, mtu yeyote mwenye leseni na mavazi kamili ya ngozi aweza kulipa na kuendesha hapo. Nilivutiwa na utaratibu wake. Asubuhi sote tulikusanywa na kuelezwa maana ya bendera: ya njano ni hatari mbele, nyekundu ni kurudi taratibu. Kila pikipiki ilipimwa kelele. Tuligawanywa makundi matatu kwa kadiri ya ujuzi, kila kundi likipewa dakika ishirini kwa zamu. Hapana kushindana, na hapana kupima saa. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari tangu asubuhi, na kama halipo, hakuna gurudumu linaloruhusiwa kuzunguka.

Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Thika na fundi wa mitambo ambaye ameishi Derby miaka mingi, alikuja na R6 yake ya mwaka 2017. Tulikubaliana kubadilishana baada ya zamu mbili.

Nilianza na R9. Kona ya kwanza, Redgate, yageuka kulia. Kisha njia yateremka kwa kasi katika kona za Craner, kulia halafu kushoto, na hapo chini yako ngoja Old Hairpin. Craner ni mahali pa kupima moyo wa mtu. Pikipiki imelala upande mmoja, nawe wapaswa kuilaza upande wa pili huku ardhi ikikimbia chini yako kama ngazi inayovutwa. R9 ilitii. Nilipokosa gia iliyofaa, injini haikunung'unika. Ilivuta kutoka chini kama kwamba nilichagua hivyo kwa makusudi. Katika Coppice, kona ambayo mwisho wake hauonekani mpaka uwe umekwisha kuingia, niliweza kufungua mafuta kidogo kidogo na gurudumu la nyuma likashika. Katika njia iliyonyooka baada ya hapo mshale ulipita kilomita 200 kwa saa bila kelele za kutisha.

Halafu nikapanda R6. Hapo nilikuta chombo kingine. Chini ya mizunguko elfu nane ilikuwa kama imelala. Juu ya elfu kumi iliamka, na sauti yake ikapanda mpaka nikaihisi katika meno. Ili kuifaidi, nililazimika kuwa katika gia sahihi kila kona, bila kosa hata moja. Mambo yote yalipokwenda sawa, raha yake haikuwa na mfano, na lazima niseme kweli kwamba R9 haikunipa raha ya namna ile. Yalipokwenda kombo, nilibaki nimekaa juu ya chombo kisicho na nguvu huku wenzangu wakinipita.

"Bwana, hii yako imekaa kama kochi la sebuleni," mwenzangu aliniambia tuliporudishiana funguo. "Mtu aweza kulala usingizi juu yake."

"Ngoja kesho barabarani, ndugu yangu," nikamjibu. "Njoo na yako tuone nani atalala."

Akatikisa kichwa. "Hii siendi nayo barabarani tena. Siku hizi naileta hapa ndani ya gari na kuirudisha ndani ya gari. Barabarani haina kazi."

Maneno hayo aliyasema kwa wepesi, lakini mimi naona ndiyo kiini cha habari yote. Mtu huyu ana pikipiki yenye nambari, yenye bima, iliyoruhusiwa na serikali kwenda popote. Hakuna sheria iliyomkataza. Ameamua mwenyewe kwamba mahali pake ni uwanjani.

BARABARANI

Siku ya pili nilielekea kaskazini, katika milima iliyo kati ya miji ya Buxton na Macclesfield. Barabara hiyo, A537, yajulikana zaidi kwa jina la Cat and Fiddle, kutokana na nyumba ya wageni iliyojengwa huko juu. Ni barabara nzuri ya kutazama, yenye kona nyingi zinazozunguka ukingo wa mlima, na kwa sababu hiyo imewavuta waendesha pikipiki kutoka kila upande. Kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa barabara za hatari kuliko zote nchini humo. Wengi wa waliofia hapo walikuwa waendesha pikipiki. Sasa mwendo unaoruhusiwa ni maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, na kamera hupima mwendo wa mtu kutoka mwanzo hadi mwisho, si mahali pamoja tu.

Hebu tufanye hesabu. R6 ikiwa katika gia ya kwanza yaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Maana yake ni kwamba mwenye kuipanda katika barabara ile amekwisha kuvunja sheria kabla hajatia gia ya pili. Gia nyingine tano hazina kazi. Zile nguvu alizozilipia, ambazo hupatikana kwenye mizunguko 14,500, hatazigusa hata kidogo. Anachobaki nacho ni kiti kigumu, mikono inayouma kwa kuinama, na injini iliyolala.

R9 ilinipeleka mlimani kwa mwendo wa sheria bila taabu. Niliweza kukaa gia ya tatu au ya nne, nikatazama mabonde, nikapita lori la mawe bila kuitesa injini. Hapo nikaelewa kwa nini kiwanda kiliacha njia ya R6. Nguvu ambayo mtu hawezi kuitumia haina thamani yoyote kwake, hata kama imeandikwa kwa wino wa dhahabu katika kitabu cha muuzaji.

Lakini nisimsifu mgeni kupita kiasi. Pikipiki hii mpya ina hatari yake, nayo ni ya kimya. R6 ikienda mbio hupiga kelele, na mwenye kuipanda hujua kwamba anakwenda mbio. R9 haipigi kelele. Katika barabara pana nilitazama mshale nikauona umefika mahali ambapo masikio yangu hayakuniambia. Simba asiyenguruma ndiye hula mtu.

Tena kuna kompyuta. R9 ina kifaa kinachopima jinsi pikipiki ilivyolala kwenye kona, na kwa kipimo hicho hupunguza nguvu gurudumu la nyuma linapoanza kuteleza, huzuia gurudumu la mbele lisiinuke, na hulegeza breki mtu anapozikamata kwa hofu. Ni akili nzuri sana, na bila shaka imeokoa ngozi za wengi. Hata hivyo, akili hiyo inaijua pikipiki tu. Haiijui barabara. Huko Cat and Fiddle, nyuma ya kona moja, nilikuta kondoo wawili wamesimama katikati ya lami wakitafuna. Hakuna kompyuta iliyoniambia. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nakwenda kilomita 60 kwa saa.

Hesabu ya mambo haya haikubali ubishi. Anayekwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 katika sekunde moja. Anayekwenda kilomita 200 hupita mita 56. Na kwa kusimama mambo huwa mabaya zaidi, kwa maana mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali ambao breki zahitaji ili kukisimamisha chombo huwa mara nne. Uwanjani umbali huo upo, tena kando ya njia kuna eneo la mchanga na kokoto la kumpokea aliyekosa. Barabarani kuna ukuta, mti, mtaro, na mama aliyembeba mtoto.

SI JAMBO JIPYA

Kuipa kasi mahali pake si fikira mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria ya Uingereza iliweka mwendo wa maili 20 kwa saa kuwa mwisho wa motokaa barabarani. Waliopenda mbio hawakuweza kushindana katika barabara za nchi hiyo, wakatafuta mahali pengine. Mwaka 1907 uwanja wa Brooklands ulifunguliwa karibu na London, na mwaka huo huo pikipiki zilianza kushindana katika kisiwa cha Man, ambako serikali ya kisiwa ilikuwa imepitisha sheria ya kufunga barabara za wananchi wakati wa mbio.

Huko Man mbio hizo bado zaendelea, na hapo ndipo tunapoona tofauti ya kuifunga barabara na kuwa na uwanja. Njia ya mlimani ina urefu wa kilomita 60.7, yapita vijijini kati ya kuta za mawe na nguzo za taa. Mwaka 2023 Peter Hickman aliizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Lakini tangu njia hiyo ianze kutumika, zaidi ya watu 250 wamepoteza maisha katika mbio na mazoezi yake. Kuwaondoa watoto na ng'ombe barabarani ni jambo jema, lakini ukuta wa jiwe haujui kwamba barabara imefungwa.

Sisi wenyewe tunalo somo letu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa karibu miaka hamsini magari yake yalikimbia katika barabara ambazo hazikufungwa, yakikutana na malori, mabasi na mifugo. Watu wazima wanakumbuka jinsi watoto walivyopanga mstari kando ya njia. Mbio hizo ziliondoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na ziliporudi mwaka 2021 huko Naivasha, zilirudi kwa masharti mengine: sehemu za mbio hufungwa kwa wengine wote. Wako wanaosema kwamba utamu wa zamani umepotea. Huenda ni kweli. Lakini hakuna anayetaka kurudisha ng'ombe katika njia ya gari la mbio.

NA KWETU JE?

Anayesafiri Jumapili asubuhi kutoka Nairobi kuelekea Naivasha hakosi kuziona pikipiki kubwa za mbio zikipita kama risasi. Wenyewe si watu wabaya. Wengi ni watu wa kazi zao, wenye mavazi kamili na pikipiki zinazotunzwa kuliko motokaa nyingi. Lakini barabara wanayoitumia ndiyo ile ile inayopita Kinungi, mahali ambapo pamemwagika damu nyingi. Humo kuna malori ya kwenda Malaba, matatu zinazokimbilia abiria, na wauza viazi na karoti kando ya lami. R6 na R9 hazijui mambo hayo.

Na nyuma yao kuna wanaotazama. Kijana wa boda boda aliyesimama kwenye steji huitazama pikipiki ile ikipita, na moyo wake huenda nayo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo maelfu kwa maelfu ya vijana wamepata mkate kwa chombo hicho. Hao hawana ngozi, na abiria wao mara nyingi hawana helmeti. Kasi inapokuwa ndiyo alama ya uanaume na ya kufaulu maishani, anayeiiga kwa chombo cha nguvu za farasi kumi hulipa sawa na mwenye chombo cha nguvu za farasi mia. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Yako mambo mawili ambayo naona twaweza kujifunza bila kungoja mgeni atufundishe.

La kwanza ni leseni. Uingereza, tangu mwaka 2013, kijana wa miaka 17 hupewa ruhusa ya pikipiki ya cc 125 tu. Akifika miaka 19 aweza kufanya mtihani wa pikipiki zisizozidi nguvu za farasi 47 hivi. Pikipiki kama R9 huigusa kwanza akiwa na miaka 24, au 21 ikiwa amekwisha kumaliza miaka miwili katika daraja la kati. Kwetu, madaraja ya A1, A2 na A3 hutenganisha pikipiki ndogo kabisa za cc 50, pikipiki za kawaida, na zile za kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Yaani anayenunua chombo chake mwenyewe aweza kutoka katika pikipiki ya cc 125 na kuingia katika ile ya nguvu za farasi 119 kwa leseni ile ile, siku ile ile. Hata baiskeli hatumfundishi mtoto namna hiyo.

La pili ni mahali. Nairobi ina njia ya motokrosi pale Jamhuri Park, ambako pikipiki za kuruka vilima hushindana, na vijana kadhaa wamelelewa humo tangu wakiwa watoto. Hao ni nadra kuwaona wakifanya vituko barabarani, kwa sababu kiu yao huikata kiwanjani. Kinachokosekana ni siku nyingi zaidi, za bei nafuu, katika viwanja vya lami, ambapo mwenye pikipiki kubwa na hata mwenye pikipiki ndogo aweza kufundishwa kukamata breki, kuingia kona na kutazama mbali. Gharama ya siku kama hiyo haitapita gharama ya wiki moja hospitalini.

Mtu atauliza: je, kama mbio zimehamia uwanjani, pikipiki za mbio zitakufa? Sioni hivyo. Mwaka 2025, mwaka wake wa kwanza, R9 ilimpa Stefano Manzi ubingwa wa dunia wa Supersport. Injini iliyozaliwa kwa ajili ya kwenda kazini ikazishinda zile zilizozaliwa kwa ajili ya kushindana. Hilo ladhihirisha kwamba kinachofaa kwa binadamu wa kawaida chaweza pia kushinda uwanjani, mradi kipewe uwanja.

Kwa hiyo simwambii kijana aichukie kasi. Kasi ni tamu, na anayesema sivyo hajaionja. Namwambia tu ailipie mahali ambapo bei yake ni shilingi. Barabarani bei yake ni nyingine, na mara nyingi anayelipa ni mtu aliyekuwa anavuka kwenda kununua maziwa.